Rangi ya Nane

Ukuta wa chumba cha mtoto ulikuwa umepakwa rangi mara saba katika muda wa miaka sita, na mara zote saba mpakaji alikuwa na hakika kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Mpakaji huyo alikuwa baba mwenye nyumba, fundi rangi kwa kazi na mtu wa shaka kwa tabia. Jirani alipomletea mafuta meusi ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya macho, akaapa kwamba yalimponya mpwa wake kifua, fundi aliuliza mpwa huyo yuko wapi ili aonwe. Akaambiwa amehama. Aliyarudisha mafuta kwa heshima zote na kumtakia mpwa makazi mema. Mkewe alikuwa na msemo kwamba ukimwambia mume wake kumekucha, atatoka nje kwanza akahakikishe. Kitu kimoja tu alikiamini bila kukidai ushahidi, nacho kilikuwa rangi.

Si kwamba imani hiyo haikuwa na msingi. Kwa miaka ishirini alikuwa akiingia katika vyumba vilivyokata tamaa na kutoka akiwa ameviacha na uso mpya. Aliona watu wakiacha kugombana sebuleni kwa sababu tu sebule ilikuwa nyeupe. Mtu akiona hayo kila wiki, ni vigumu kumwambia kwamba uso ni uso tu.

Binti yake alikuwa na miaka saba na nyumbani aliitwa Filimbi. Jina lilianza kama mzaha. Alipokuwa na mwaka mmoja kifua chake kilianza kulia kila anapolala, sauti nyembamba ya juu, na baba akasema tumeletewa filimbi bila kuagiza. Wakacheka. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini wahenga huonya kuhusu mambo mengi mno, na binadamu huchagua. Kicheko kilikwisha, jina likabaki. Daktari alisema ni pumu, na kwamba kuna kitu inachokichukia. Kitu gani, hilo lilihitaji kutafutwa. Mama alifundishwa kumvutisha dawa kwa pampu ndogo ya rangi ya buluu, na kwa miaka sita pampu hiyo ilikuwa ikisafiri ndani ya mkoba wake pamoja na funguo.

Kuhusu ukuta, mambo yalikwenda kwa utaratibu usiobadilika. Doa lilitokea mahali pale pale, kwenye kona ya chini nyuma ya kitanda, upande uliopakana na bafu. Kwanza lilikuwa kivuli chepesi kama masizi. Baadaye rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, ikapasuka, na ndani yake pakaonekana kuvu nyeusi yenye manyoya mafupi. Fundi aliisugua kwa dawa ya madoa, akapitisha msasa, akaziba nyufa, akapaka rangi ya chini, kisha mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya rangi yenyewe. Kwa kuwa alijua harufu ya rangi mbichi haifai kwa kifua cha mtoto, desturi yake ilikuwa kumpeleka Filimbi kwa mama yake mkubwa, dada wa mkewe, aliyekaa upande wa pili wa mji kwenye nyumba ya mlimani. Siku kumi, hadi harufu iishe.

Filimbi alikwenda kifua kikimlia na kurudi akipumua kama watoto wa wenzao. Alilala katika chumba kisafi chenye rangi mpya, wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili kimya.

“Mnaona?” fundi alisema.

Wote waliona.

Wiki ya tatu au ya nne sauti ilirudi. Hapo lililaumiwa vumbi la barabarani, baridi, moshi wa jirani. Dirisha la chumba likafungwa, kisha likafungwa zaidi, kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwenye mianya. Chini ya mlango wakaweka tambara. Licha ya mambo yote ambayo familia hiyo ilishindwa kuyafanya maishani, la kumfungia mtoto ndani ya chumba kimoja na kile kilichokuwa kikimdhuru walilifanya kwa ufanisi mkubwa. Doa lilipotokeza tena, fundi alishusha pumzi na kwenda kuchanganya rangi.

Kisha, wakati wa likizo ya shule, doa lilitokeza kwa mara ya nane. Jumanne alfajiri Filimbi alibanwa hadi midomo ikabadilika rangi. Mama alimbeba mgongoni hadi kliniki, mtoto wa miaka saba mwenye miguu mirefu inayogonga magoti ya mbebaji. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilohilo mara kumi tangu asubuhi.

“Mama, nyumbani dirisha mnafungua?”

“Tunafunga. Vumbi.”

“Mnazuia la nje. Mmefikiria mnafungia nini ndani?” Hakungoja jibu. “Niletee tarehe. Siku alizobanwa zimo kwenye daftari lake la kliniki. Nataka siku alizokuwa mzima. Alikuwa wapi, na nyumbani mlikuwa mkifanya nini.”

Mama alimtazama. Nani huandika siku ya uzima?

Jumamosi mama mkubwa alifika. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa. Alikaa kwenye kiti kilichoelekea mlango na kuweka mkoba wake mapajani, ishara kwamba hakuja kunywa chai.

“Shemeji, mimi si mtu wa maneno mengi,” alianza, na fundi akajiegemeza vizuri kwa sababu alijua urefu wa hotuba zinazoanza hivyo.

Yote yakasemwa. Kwamba mtoto anadhoofika. Kwamba anakosa shule wiki moja kati ya tatu. Kwamba likizo inakwisha baada ya siku tisa. Kwamba jirani na kwake ipo shule, nafasi ipo, na mwalimu mkuu aliwahi kuwa mwanafunzi wake tena si wa akili sana, kwa hiyo hatakataa.

“Atakuja kwangu, atasoma kwangu.”

“Hadi lini?”

“Hadi awe mtu mzima na kifua chake.”

“Mtoto ana kwao, shemeji.”

“Kwao ndiko kunakombana.”

Nyuma ya pazia Filimbi alikuwa akimchana nywele mwanasesere asiye na nywele, na sauti ya kifua chake ilisikika ikikokota mstari wake.

Fundi alimgeukia mkewe. “Na wewe unasemaje?”

“Mimi nimechoka, baba Filimbi. Aliyechoka hana maoni.”

Hilo lilimwingia kuliko hotuba yote. Aliyajua mabishano ya mke wake, marefu kwa mafupi, na hakuwahi kuogopa hata moja. Lakini mtu asiyebishana tena amekwisha kuondoka kidogo.

“Nipeni mara moja tu,” alisema. “Kuna rangi mpya, ya kuzuia ukungu. Wanapaka hospitali.”

“Rangi tena?”

“Hii ni tofauti.”

“Shemeji, hata ukipaka ile ya ikulu.” Mama mkubwa alisimama. “Haya. Mimi naondoka naye sasa hivi, kama ilivyo desturi yenu. Jumapili ya wiki ijayo namrudisha. Nikikuta una jambo la maana la kunieleza, atabaki. Nikikuta una rangi, nageuka naye, na Jumatatu yake anaanza shule. Filimbi, chukua viatu.”

“Mwanasesere naye anakuja?” Filimbi aliuliza.

“Naye anakohoa?”

“Kidogo.”

“Basi mlete.”

Walipoondoka, fundi hakuanza kuchanganya rangi mara moja. Alikuwa ameudhika, na mtu wa shaka akiudhika hutafuta ushahidi. Katika kazi yake alikuwa na mazoea ambayo mafundi wenzake waliyaona ni ya kikarani. Rangi ikibaki hakuitupa. Aliifunika vizuri na juu ya kifuniko cha kopo akaandika kwa penseli nyumba, chumba, tarehe na vipimo vya mchanganyiko, ili mteja akija baada ya mwaka kulalamikia mkwaruzo, rangi ipatikane ileile. Makopo ya nyumba yake mwenyewe yalikuwa chini ya ngazi. Alitoa vifuniko saba, akavipanga sakafuni sebuleni, akamwita mkewe alete daftari la kliniki.

“Kaa hapa. Muuguzi si anataka tarehe? Tarehe hizi hapa. Soma wewe, usije ukasema nimekuzungusha.”

Mkewe alikaa chini, akanyoosha miguu. Alifanya kazi katika duka la kukata vitambaa, na macho yake yalizoea kufuata mstari bila kupinda. Alichukua kifuniko cha kwanza, akatafuta tarehe yake katika daftari. Baada ya tarehe hiyo, wiki tatu na nusu bila kliniki. Cha pili, wiki nne. Cha tatu, wiki tatu. Cha nne hivyo hivyo.

“Mnaona?” fundi alisema, ingawa walikuwa wawili tu.

“Ngoja. Hii ya tano?”

Ilikuwa ya kijani kibichi. Fundi alikumbuka: Filimbi alikuwa na miaka mitano, na alitaka chumba cha rangi ya chura.

“Baada ya hii aliugua siku ya pili,” mkewe alisema. “Siku ya nne akarudishwa kliniki. Siku ya sita akalazwa.” Alipekua nyuma na mbele. “Mwezi huo dada alikuwa amesafiri, kwenye arusi ya mwanawe. Hatukumpeleka popote. Alilala hapa hapa sebuleni.”

Fundi alikiinua kifuniko cha kijani, akaisoma tarehe yake tena.

“Na hapa sasa. Likizo ya mwaka juzi. Wiki tano hakuna hata mstari mmoja. Kifuniko chake kiko wapi?”

Fundi aliangalia vifuniko, ingawa alijua. Hakukuwa na kifuniko. Likizo hiyo hakupaka kitu. Alikuwa na kazi ya jengo la ghorofa nne, na Filimbi alikaa kwa mama yake mkubwa wiki tano kwa sababu hakukuwa na wa kumwangalia nyumbani.

Mara moja rangi bila safari, na mtoto alilazwa. Mara moja safari bila rangi, na mtoto alikuwa mzima. Kama angeletewa hesabu hiyo na jirani, kuhusu mafuta meusi, angeimaliza kabla ya jirani hajafika kwenye kituo cha sentensi.

“Si rangi,” mkewe alisema polepole. “Ni safari.”

Alisema bila ushindi wowote. Kisha aliegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho, na fundi akaona kwa mara ya kwanza kwamba amezeeka kuzunguka mdomo.

Kesho yake, Jumapili, fundi alifungua dirisha la chumba cha mtoto. Utepe wa karatasi ulitoka na vipande vya fremu. Alifunga kitambaa puani, akasogeza kitanda, akachukua skrepa na kuanza kukwangua.

Miaka yote alikuwa akiukwangua ukuta huo juu juu tu, kiasi cha kupata mahali pa kushika rangi mpya. Sasa alikwenda chini. Rangi zilitoka kwa mpangilio wa kurudi nyuma: nyeupe ya mwaka jana, aliyoipaka akiwa hana hamu tena ya kuchagua, samawati, kijani cha chura, zambarau iliyoombwa na mama, na chini kabisa manjano ya siku walizohamia, Filimbi akiwa bado anatambaa. Zilikuwa zimeshikana zikawa ganda nene kama kadibodi, na lilipobanduka lilibanduka kwa kipande kizima. Upande wa ndani wa ganda ulikuwa mweusi.

Nyuma yake lipu ilikuwa laini. Alibonyeza skrepa na ikazama kama inayoingia kwenye mkate uliolowa. Aliinua mkono, akaweka kiganja. Ukuta ulikuwa baridi, na kiganja kilitoka na maji.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kila mteja wake alikuwa akiambiwa jambo moja kabla ya kopo kufunguliwa: kata maji kwanza, ndipo upake. Aliwahi kuacha kazi ya mtu mzito kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mganga hajigangi, na ukuta wa nyumbani mtu hauangalii, anauona tu. Watu hupenda kukumbushana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa alikuwa ameuziba, tena mara saba, kwa ustadi ambao wengine humlipa. Kama angekuwa mvivu kidogo, maji yangetoka nje mwaka wa kwanza yakaonekana na kila mtu.

Fundi bomba alikuja Jumatatu, mtu mfupi mwenye dharau ya kitaaluma. Alibomoa vigae viwili upande wa bafu, akaingiza kichwa.

“Kiungo kimelegea,” alisema akiwa humo ndani. “Hakivuji kwa fujo. Kinadondosha. Tone, halafu kinafikiri, halafu tone.”

“Tangu lini?”

“Huku kudondosha? Tangu mtoto wako hajaota meno.” Alitoa kichwa, akautazama ukuta wa upande wa pili kupitia tundu. “Nani alikuwa anaupaka huu?”

“Mimi.”

“Ah.” Fundi bomba alifuta mikono. “Kazi nzuri.”

Alibadilisha kiungo kwa muda usiofika saa moja.

“Utakauka lini?” fundi aliuliza.

“Umekunywa miaka sita, usitegemee utatapika kwa wiki. Miezi mitatu, minne. Toa lipu yote iliyooza, acha dirisha wazi. Na usiupake. Ukiupaka umeuziba mdomo tena.”

Siku zilizobaki fundi alizimaliza akitoa lipu, akizoa kuvu kwa vitambaa vyenye maji ili isiruke, akibeba magunia hadi jalalani. Godoro, ambalo upande wa ukutani lilikuwa na ramani yake lenyewe ya ukungu, lilikwenda jalalani pia. Kopo la rangi ya hospitali, alilokuwa amekwisha kulinunua, lilikaa kwenye korido bila kufunguliwa. Mkewe aliliruka kila alipopita, hadi Alhamisi alipoliweka chini ya ngazi.

Jumapili mama mkubwa alifika akiwa amevaa viatu vya kutembelea safari ndefu. Filimbi alipita mbio hadi chumbani kwake na kusimama mlangoni. Ukuta ulikuwa matofali matupu hadi usawa wa kifua cha mtu mzima. Mahali pa kitanda palikuwa na sakafu.

“Baba, umesahau kupaka.”

“Sijasahau.”

“Utapaka lini?”

“Sipaki.”

Filimbi alilifikiria hilo. Alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akisema neno hilo. “Basi nani atapaka?”

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amejiandaa kwa rangi. Hotuba ya rangi alikuwa nayo kamili, na sasa ilimkaa mdomoni bila pa kuiweka.

“Hii ni nini, shemeji?”

Fundi alimweleza. Vifuniko, daftari, kiungo cha bomba, tone linalofikiri. Aliieleza kwa mpangilio na kwa sauti moja, bila kujitetea, na alipofika kwenye lipu alimpa kipande akishike. Mama mkubwa alikishika, akakinusa, akakirudisha.

“Kumbe,” alisema. Akapangusa vidole, akasema, “Haya. Nilisema ukiwa na jambo la maana atabaki. Hili nimelikubali. Neno langu ni neno langu.”

Mkewe alimtazama fundi. Hilo ndilo fundi alilokuwa akilipigania kwa siku nane, na kwa miaka sita kabla ya hapo: mtoto alale kwao. Limeletwa mezani, hakuna anayelizuia. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Fundi alitazama matofali. Yalikuwa na rangi mbili, nyekundu iliyokoza chini na nyekundu iliyopauka juu, na mpaka kati yake ulikuwa umeshuka upana wa kidole kimoja tu tangu Jumatatu.

“Nenda naye,” alisema.

“Unasema?”

“Ukuta mbichi. Muhula mmoja, shemeji. Muhula mmoja, si hadi atakapokuwa mtu mzima. Jumapili tutakuwa tunakuja sisi.”

Mama mkubwa akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya katika nyumba hiyo. Aliweka mkoba chini na kuomba chai.

Filimbi hakulia. Aliuliza kama vyura wanakaa mlimani, akaambiwa wakati wa mvua, akaona inatosha. Mama yake alitia pampu ya buluu kwenye mfuko wa mbele wa begi, akaifunga zipu, akaifungua tena kuhakikisha, akaifunga.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, fundi alifungua dirisha na kuugusa ukuta kwa mgongo wa mkono. Kisha alichukua kifuniko kitupu alichokitundika msumarini na kuandika tarehe na neno moja. Mbichi. Chini yake, mbichi. Kilipojaa alichukua kingine. Muuguzi, aliyeletewa tarehe zake kama alivyoomba, alizisoma zote bila haraka, akasema vizuri, kisha akasema wasitarajie miujiza: kifua kilichozoea kubanwa hakisahau upesi, pampu iendelee, mto na blanketi zianikwe juani, na yawezekana kuna kitu kingine wasichokijua bado. Fundi alimheshimu sana kwa hilo.

Katika wiki ya kumi na moja neno lilibadilika kuwa unyevu kidogo. Katika ya kumi na tatu, Jumapili, mama mkubwa alimleta Filimbi kushinda nao mchana, kwa majaribio, bila kulala. Alicheza chumbani kwake, kwenye sakafu, dirisha wazi, akimfundisha mwanasesere hesabu za kutoa. Vumbi la barabarani liliingia kama lilivyotaka.

Baba na mama walikaa koridoni, upande huu wa mlango, kwenye viti viwili walivyovivuta bila kuambiana. Walisikiliza. Walisikia saba toa nne, walisikia mwanasesere akikemewa, walisikia mtoto akishika pumzi kabla ya kutoa jibu. Saa moja ikapita, na ya pili.

“Usiseme,” mkewe alinong'ona.

“Sikutaka kusema.”

Jioni, walipokwisha kumsindikiza, fundi alikwenda msumarini na kuandika tarehe. Penseli ilikaa juu ya kifuniko kwa muda. Mchana mmoja si ushahidi; angemwambia hivyo mtu yeyote. Aliacha nafasi mbele ya tarehe, akarudisha penseli mfukoni, akaenda kulifungua dirisha upana wake wote.